Sheria za shule hutungwa na nani hasa? Tumezisoma moja moja, na haya ndiyo tuliyoyakuta

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka aupitie jioni akiwa ametulia.

Mwaka huu nilichaguliwa kuingia kwenye kamati ya shule anayosoma mwanangu. Kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa kukaa na mwalimu wa nidhamu na wazazi wengine wawili tupitie upya sheria za wanafunzi. Nilidhani ni kazi ya saa moja. Imetuchukua Jumamosi tatu.

Sheria zenyewe ni 41, kurasa mbili, kopi ya kopi mpaka herufi za pembeni zimefifia. Kabla ya kuanza tulikubaliana jambo moja: kila sheria isomwe kwa sauti, kisha mtu aulize "hii ipo kwa nini?", na jibu la "ndivyo tulivyoikuta" lisikubaliwe. Sita za mwanzo zilipita haraka: kuwahi, kuhudhuria, kutopigana, kutoiba, kutunza mali ya shule, kutotoka bila ruhusa. Hizo hata mtoto mdogo anakueleza sababu yake.

Tukafika namba 17: "Ni marufuku kuja shuleni na mwavuli."

Kimya. Mwalimu wa nidhamu ana miaka 9 pale, aliikuta. Mwalimu mkuu naye aliikuta. Ikabidi aitwe mlinzi, mzee aliyekaa pale kuliko mtu mwingine yeyote. Akavua kofia, akakaa, akatusimulia: wavulana wawili waliwahi kupigana getini kwa miavuli, mmoja akachomwa karibu na jicho. Kesho yake mkuu wa wakati huo akatangaza paredini kwamba miavuli basi. Baadaye ikaandikwa. Wale wavulana sasa ni watu wazima wana watoto wao. Na mimi mwanangu nimemwona akiingia nyumbani na daftari zimelowa, wino umechuruzika hadi maneno hayasomeki, wakati mwavuli unaning'inia nyuma ya mlango.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa jinsi sheria nyingi za shule zinavyozaliwa. Wengi tunadhani zinashuka kutoka wizarani. Hapana. Linatokea tukio, mwenye mamlaka anachukua hatua siku ileile, hatua inaandikwa, tukio linasahaulika, maandishi yanabaki. Anayeingia baadaye anayakuta kama maandiko matakatifu.

Nieleweke vizuri: sipingi shule kujitungia sheria. Naunga mkono kwa moyo wote. Shule ya bweni ina mambo ambayo shule ya kutwa haiyajui. Shule iliyo ukingoni mwa barabara kuu inahitaji utaratibu wa kuvuka ambao iliyo mbali na barabara haiuhitaji. Aliye ofisini mbali hawezi kuyaona hayo. Ninachopinga ni sheria ambayo sababu yake haiwezi kusemwa mbele ya mtoto anayeadhibiwa kwayo.

Nimesoma kidogo wenzetu wanafanyaje. Uingereza, sheria ya elimu ya mwaka 2006 inampa mwalimu mkuu wa shule ya serikali jukumu la kuandika utaratibu wa nidhamu wa shule yake. Bodi ya shule inaweka misingi ya jumla, yeye anaijazia nyama, na ni lazima utaratibu huo utangazwe kwa wanafunzi, wazazi na wafanyakazi angalau mara moja kwa mwaka. Afrika Kusini wamekwenda mbali zaidi: sheria yao ya shule ya 1996 inasema bodi ndiyo inayopitisha kanuni za mwenendo, lakini baada ya kushauriana na wanafunzi, wazazi na walimu. Mwanafunzi ametajwa ndani ya sheria ya nchi kama mtu wa kuulizwa. Ufaransa, kanuni za ndani za shule ya sekondari hupigiwa kura na baraza la shule, na ndani ya baraza hilo wanafunzi wana wawakilishi wao.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Namba 29: "Utovu wa nidhamu wa aina yoyote ile." Adhabu yake: kusimamishwa masomo.

Mwaka jana mwanangu alirudishwa nyumbani siku tatu kwa namba hiyo. Barua ilikuwa na mstari mmoja: "Amedharau mwalimu." Nilipomuuliza akaniambia aliambiwa ainamishe uso akakawia, maana hakujua ni yeye anayesemeshwa. Huenda ni kweli, huenda hakunieleza yote. Kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyemuuliza. Alipewa barua kama mtu anayepewa stakabadhi. Siku ya pili nilimkuta ameivaa sare yake, amekaa kitandani, hana pa kwenda.

Naomba michango yenu, hasa walimu. Nataka kusikia upande wenu kabla hatujaandika upya.

Mwalimu wa zamu

Mleta uzi, asante kwa kuuleta mjadala huu kwa adabu. Kwa kawaida nyuzi za namna hii huanza kwa kututukana walimu.

Nina miaka 14 kazini, 5 kati ya hiyo nikiwa mwalimu wa nidhamu. Naomba niitetee kidogo namba 29. Tuliwahi kuandika "ni marufuku kuja na wembe". Wiki ya pili mvulana akaja na bapa la kichongeo cha penseli, amelichomoa na kulifunga kwa uzi kwenye kijiti. Nilipomkamata akanijibu kwa utulivu kabisa: "Mwalimu, wembe ndio umekatazwa." Ukiandika kila kitu kwa jina, utaandika mpaka karatasi ziishe, na bado watapata upenyo. Ndiyo maana panakuwepo sheria pana ya mwisho. Ni wavu wa kudaka yaliyopita pembeni.

Ila nakubali kwamba wavu huo umekuwa ndio nyumba yetu. Ukifungua kitabu changu cha matukio cha miaka ile, zaidi ya nusu ya makosa nimeyaandika "utovu wa nidhamu". Leo nikiyasoma sikumbuki mtoto alifanya nini. Nimeandika hukumu, sikuandika kosa.

Na kuna jambo jingine watu hawalioni. Sheria zetu hutaja kosa, hazitaji mwisho wake. Mfano simu. Imeandikwa "simu ni marufuku, itakayokamatwa itachukuliwa". Mpaka lini? Kwa nani? Nilikuwa na droo yenye simu 23, kila moja nimeibandika kipande cha plasta chenye jina. Nyingine plasta zilibanduka. Mzazi mmoja alikuja baada ya miezi minne, nikammwagia simu mezani achague, akachagua ambayo mpaka leo sina uhakika ilikuwa ya mwanawe. Nilikosa usingizi. Nilikuwa nimeshika mali za watu bila karatasi inayonielekeza la kufanya.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kamati yenu: kila sheria iwe na kosa, hatua, na kikomo. Ikikosa kimojawapo, mwalimu atakijaza kichwani mwake, na vichwa vyetu havifanani.

Bado nasoma

Shikamooni wakubwa. Naomba niseme na mimi, niko kidato cha tatu.

Mwalimu wa zamu amegusa penyewe aliposema vichwa havifanani. Kwetu sheria ngumu siyo inayotuumiza. Inayotuumiza ni ile inayobadilika kulingana na siku. Shati likiwa nje Jumatatu, mwalimu wa zamu wa Jumatatu anakupita. Jumatano unatolewa darasani na unakosa kipindi cha hesabu. Sasa sisi hatujifunzi sheria, tunajifunza ratiba ya zamu. Muulize mwanafunzi yeyote sheria namba 12 inasemaje, hajui. Muulize nani yuko zamu kesho, anajua hadi viatu vyake vinavyolia akitembea.

Halafu ile fomu ya sheria anasaini mzazi. Mimi sijawahi kuulizwa kama nimeielewa. Niliisoma mara ya kwanza siku niliyokosea, nikiwa nimesimama nje ya ofisi, imebandikwa ukutani.

Mzee mleta uzi, mkikaa tena mtuite hata wawili. Hatutasema zifutwe. Kuna sheria tungependa ziongezwe. Kwa mfano hakuna sheria hata moja kwetu inayomkataza mkubwa kumwita mdogo majina ya kudhalilisha. Mwavuli umekatazwa, hilo halimo.

Mwanasheria wa pembeni

Niongezee upande wa sheria, kwa kifupi.

Shule inajitungia, lakini iko chini ya dari. Juu kabisa kuna Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989. Ibara ya 28 inazitaka nchi zihakikishe nidhamu shuleni inasimamiwa kwa namna inayoheshimu utu wa mtoto, na ya 12 inampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Chini yake kuna katiba na sheria za nchi. Viboko ni mfano mzuri wa dari kutofautiana: Kenya imevikataza kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, Tanzania kanuni za 2002 zinaviruhusu kwa masharti: visizidi vinne, viidhinishwe na mkuu wa shule, viandikwe kitabuni. Shule ikiandika kanuni inayopita dari la nchi yake, kanuni hiyo ni karatasi tu hata kama wazazi wote wameisaini.

Kuhusu barua ya mtoto wa mleta uzi. Marekani lilifika Mahakama ya Juu mwaka 1975, kesi ya Goss dhidi ya Lopez. Wanafunzi walisimamishwa hadi siku 10 bila kusikilizwa. Mahakama ikasema, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba hata kwa adhabu fupi namna hiyo mwanafunzi lazima aambiwe anatuhumiwa nini, akikana aelezwe ushahidi, na apewe nafasi ya kusema upande wake. Haikudai mawakili wala kikao kirefu. Mazungumzo ya dakika chache ofisini yanatosha. Kwa hiyo anayesema "shule ina watoto wengi, hatuna muda wa kesi" anaikuza kazi kuliko ilivyo.

Mavazi na nywele ndiko shule nyingi zinakokwama mahakamani. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua juu ya msichana wa asili ya Kihindi aliyekatazwa kuvaa kipini cha puani. Mahakama haikusema kanuni ya mavazi ni haramu. Ilisema shule ilipaswa kumpa msamaha, kwa sababu kipini kilikuwa sehemu ya dini na utamaduni wake, na hakikuvuruga chochote. Kenya nako, mwaka 2019 Mahakama Kuu ilimpa haki msichana wa Kirasta aliyefukuzwa kwa sababu ya rasta zake. Funzo kwa kamati: mkiandika sheria ya mwonekano, andikeni hapohapo mlango wa kuomba msamaha, na nani anauamua.

Mama wa watatu

Mimi nina watoto watatu katika shule tatu tofauti, kila moja na karatasi yake. Wa kwanza anatakiwa kunyoa kabisa, wa pili anaruhusiwa kusuka mistari inayolala, wa tatu hakuna kilichoandikwa. Wananiuliza mezani: "Mama, nani kati yetu ana nidhamu?" Nawajibu kila nyumba ina desturi zake, lakini jibu hilo linanikwama kooni kwa sababu wa kwanza ndiye aliyewahi kukosa mtihani wa majaribio, akiwa amesimamishwa getini kwa nywele za wiki moja.

Hapo ndipo nataka kamati zitofautishe. Nywele siyo kupigana. Adhabu ya kumkosesha mtoto somo itumike pale ambapo uwepo wake darasani unawadhuru wengine. Kwa nywele, andika jina, mpigie mzazi, mtoto aingie darasani. Tumempeleka shule asome, halafu adhabu ya kwanza inayotujia kichwani ni kumzuia asisome.

Mleta uzi

Nimesoma yote, nimechapisha na kuyapeleka kwenye kikao. Nawashukuru sana, na wewe mwanangu wa kidato cha tatu, marahaba, umesema jambo ambalo wazee wanne tulikuwa hatujaliona.

Kuhusu wavu wa Mwalimu wa zamu. Nimeufikiria sana. Hofu yangu ni kwamba sheria isiyo na umbo huwaangukia baadhi ya watoto kuliko wengine. Marekani walikusanya takwimu za mwaka wa masomo 2011 hadi 2012 wakakuta wanafunzi weusi 16 katika kila 100 walisimamishwa, weupe 5 katika kila 100. Na watafiti waliochambua makosa waliona pengo hilo linakuwa kubwa kwenye makosa ya kukadiriwa na jicho la mwalimu, kama "kukosa heshima". Sisi huenda rangi siyo suala letu, lakini kila shule ina mtoto ambaye jina lake likitajwa tayari ana kosa. Mwanangu nadhani ni mmojawapo.

Wamarekani hao hao walijaribu pia njia ya kinyume, ya kufunga kila mwanya: kosa hili adhabu hii, hakuna kuangalia hali. Ilianzia kwenye silaha kwa sheria ya 1994, shule zikaipanua hadi kwenye makosa madogo. Mwaka 2008 jopo la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani lilipitia ushahidi likakuta haikuthibitika kwamba shule zimekuwa salama zaidi kwa njia hiyo. Kwa hiyo uwazi wa sheria peke yake hautoshi kama hakuna masikio.

Kuna habari moja iliyonigusa, naomba niisimulie. Janusz Korczak, daktari wa Poland aliyeendesha nyumba ya yatima Warsaw tangu 1912, aliweka mahakama ya watoto. Mahakimu walikuwa watoto wenyewe, wanaopatikana kwa bahati nasibu kutoka miongoni mwa wale ambao wiki hiyo hawakuwa na kesi. Kitabu chao cha vifungu kilifika namba 1000, ambayo maana yake ni kufukuzwa. Lakini kuanzia namba 1 mpaka 99, vyote vilikuwa vifungu vya kuachilia na kusamehe: alikuwa hajui, alichokozwa, amejuta, ni mara ya kwanza. Hakimu huyo mdogo alitakiwa apite kwanza kwenye sababu 99 za kusamehe. Na walezi nao waliweza kushtakiwa. Korczak mwenyewe alijipeleka mbele ya watoto mara tano ndani ya nusu mwaka, mojawapo kwa kumpiga mvulana sikioni. Mwaka 1942 aliuawa Treblinka, kambi ya mauaji ya Wanazi, pamoja na watoto wake, alikataa kuwaacha.

Siwezi kuiga mahakama ile shuleni kwetu. Ila nilipoisoma niliitazama karatasi yetu ya sheria 41 nikatafuta neno "samahani" au "kusamehewa". Halimo hata mara moja.

Mwalimu wa zamu

Mkuu, hapo kwenye walezi kushtakiwa wengi wetu tutatetemeka. Lakini nakubaliana na wewe kuhusu masikio. Niwape fomu niliyoanza kuitumia mwishoni mwa muda wangu, kipande cha robo karatasi. Juu mwalimu anaandika alichokiona kwa macho, hairuhusiwi kuandika sifa kama "jeuri" au "mkaidi". Katikati mtoto anaandika kwa mkono wake kilichotokea. Chini kabisa hatua na tarehe ya kuisha. Nilichogundua: mwalimu akilazimika kuandika alichokiona tu, kesi nyingi zinafia hapohapo. Anashika kalamu, anafikiri, anasema "basi, mwache aende".

Na wavu msiufute. Ubakizeni, lakini wavu usiwe na uwezo wa kumsimamisha mtu masomo. Kosa likitokea mara ya pili, liandikwe kwa jina lake kwenye sheria.

Bado nasoma

Mwalimu, ingekuwepo hiyo fomu kwetu ningeijaza mara moja tu. Mara nyingine zote nilikosea kweli.

Mleta uzi

Mrejesho, wakuu.

Kikao cha jana kilikuwa na wanafunzi wanne, wawili viranja na wawili ambao siyo viranja, tulilisisitiza hilo. Sheria zimebaki 19. Namba 17 imeondoka. Mwalimu mmoja aliuliza vipi wakipigana tena kwa miavuli, msichana wa darasa la chini akamjibu, "Kupigana kumeshakatazwa namba 3." Ikaisha hapo.

Namba 29 tumeibakiza kama alivyoshauri Mwalimu wa zamu: mazungumzo na kumpigia mzazi tu, hakuna kusimamishwa. Kila sheria sasa ina mstari mdogo chini yake unaoanza na neno "Sababu". Simu zinarudishwa Ijumaa saa tisa alasiri kwa mzazi anayesaini daftari. Fomu ya robo karatasi imepita. Sheria ya kutoitana majina imeingia, ni namba 4, na imeandikwa na wanafunzi wenyewe kwa maneno yao.

Nywele tumeshindwa. Tumebishana saa mbili, hatukufika popote. Tulichokubaliana ni kwamba hakuna mtoto atakayekaa getini kwa ajili ya nywele, mpaka tukutane tena muhula ujao. Mama wa watatu, hilo ni lako.

Mtu pekee aliyekataa kutia saini ni mwalimu aliyemwandikia mwanangu barua ile. Nilimheshimu kwa kusema wazi. Tulipotoka tulisimama naye barazani, akaniuliza mtoto alisemaje siku ile. Nikamwambia hakujua ni yeye anayesemeshwa. Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nimwambie apite ofisini kwake Jumatatu kabla ya kengele.